Unaogopa au Unatamani?

Simu ya msiba wa Mama Raheli ilinikuta Morogoro, jikoni kwangu, nikipepeta mchele, na jambo la kwanza nililofikiri, Mungu anisamehe, halikuwa kulia. Nilifikiri: sasa nitasema nini? Kwetu sisi watu wa milima ya Kilosa, mtani haendi msibani kukaa mkekani na kujifuta machozi kama wengine. Ukoo wetu na ukoo wa Mama Raheli ni watani tangu enzi za mababu, na mtani wako akifa, kazi yako ni kuvaa nguo zake, kushika vitu vyake, kuigiza alivyotembea na alivyogomba, kuwadhihaki wafiwa mpaka wacheke, na kung'ang'ania ulichokishika mpaka wakupe chochote. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Unaweza kumwambia mkuu wa ukoo neno ambalo siku nyingine lingekung'oa meno, naye atacheka na kuingiza mkono mfukoni. Mama Raheli ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo bonde zima la Mkondoa, na kumwigiza yeye ilikuwa sawa na kuombwa kuhubiri mbele ya askofu. Lakini hilo silo nililolifikiria ndani ya basi tangu Magole hadi Kimamba. Nililolifikiria ni swali aliloliuliza yeye kwenye msiba wa bibi yangu, mwaka ule nilipokuwa msichana nikihudumia meza kwenye gesti moja ya Mikumi. Swali lile lingeokoa shamba letu, laiti mtu mmoja tu angelichukulia kuwa ni swali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa sabuni za rangi, mitumba ikashuka kwa marobota, na ghala la ushirika pale Kimamba, ambamo zamani mahindi yalilala mpaka yakabunguliwa, likawa linashinda limefungwa. Walanguzi tuliofundishwa shuleni kuwachukia sasa waliitwa wafanyabiashara binafsi na kukaribishwa viti vya mbele. Hakuna aliyejua kesho itakuwaje, na pale watu wasipojua kesho, anayesema kwa sauti ya uhakika hupewa chai. Gesti yetu ilikuwa kando ya barabara kuu, chumba cha kulia kina meza zilizotandikwa plastiki ya maua, na dirisha limepigiliwa wavu wa kuku kwa sababu ya nyani, ambao walikuwa wezi wa mikate kuliko binadamu. Hapo walikula madereva wa malori ya Zambia, maofisa, watu wa miradi na wachuuzi wa mazao. Mimi nilipeleka sahani na kurudisha sahani. Kazi yangu maisha yangu yote imekuwa kupika na kuangalia kilichorudi jikoni, na nakuhakikishia kuwa mtu unaweza kumjua kwa alichokisukuma pembeni kuliko kwa alichokisifia.

Manabii walikuwa wengi mwaka ule, na baadhi yao tulijua kuwapima. Alikuwepo Bwana Shaweji, mnunuzi wa mahindi mwenye lori lililokohoa kuliko mzee wa kifua. Akipita kwetu kwenda Kilangali kununua, bei ilikuwa inaporomoka, meli za mahindi ya msaada zimejaa bandarini, na mkulima asiyeuza leo atakuja kuwapa kuku. Akirudi na lori limejaa, mambo yamegeuka: njaa inakuja, mahindi yatakuwa dhahabu, watu wajipange. Alisema yote mawili kwa uso uleule wa huruma, akimung'unya kidari cha kuku. Bibi yangu, niliyemsimulia nilipokwenda Kilosa likizo, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Shaweji akianza kukuonea huruma, mjukuu wangu," aliniambia, "ongeza kufuli." Kila mtu bondeni alikuwa na kufuli la Shaweji. Walimsikiliza, nao wakamhurumia, wakauza siku waliyotaka wao. Ndiyo maana hasira yangu haiishi. Hatukuwa wajinga. Tulijua vizuri kabisa kuwa mtu akikutisha lazima umwangalie amesimama upande gani wa mizani. Tatizo ni kwamba alipokuja mtu asiye na mizani, tuliweka kufuli chini.

Huyo tulimwita Mshauri, na yeye mwenyewe alipenda jina hilo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, nguo zake zimenyooka, ametumwa na mradi mmoja wa uchumi kuzunguka vijijini na kuwaandaa watu kwa soko huria. Alilala gesti yetu wiki nyingi mwaka ule, akitoka asubuhi na Land Rover kuelekea kijiji chetu kiitwacho Ulaya na Kilosa, akirudi jioni na vumbi kwenye nyusi. Hakuwa mlevi, hakuwashika wasichana mikono, aliitikia shikamoo zetu kwa kutulia na kutuangalia usoni. Alikula wali. Wali na kuku, wali na maharage, wali na mchicha, siku zote wali. Mchana mmoja mchele uliisha, mpishi akampakulia ugali wa dona na mlenda, chakula kizuri tu, cha moto. Nilipokiweka mbele yake alikisukuma kwa vidole viwili, taratibu, kama anayesogeza kitu kinachoweza kuuma. Nikamwomba radhi nikidhani nimekosea. Akasema, "Hapana, binti, hujakosea. Mama yangu alinilea kwa hicho. Alilima mpaka mgongo ukapinda, akawa anatembea anaangalia chini kama aliyedondosha sindano. Tumemzika hajanyooka." Akatabasamu. "Siku jembe la mkono litakapowekwa makumbusho, mimi nitachinja ng'ombe. Nitakualika." Nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote. Nikaenda kumkaangia mayai.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na mapumziko, nikapanda gari kwenda Kilosa, na kumbe mkutano wake ulikuwa huko, kwenye ukumbi karibu na soko. Mjomba wangu Yonathani alikuwa mstari wa mbele, daftari magotini. Mjomba ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu, maana kwetu ardhi hupita upande wa mama lakini neno la mwisho husemwa na kaka wa mama. Alikuwa karani wa ushirika, na ushirika ulikuwa unakufa mikononi mwake, hivyo usishangae kwamba alikuja kusikiliza habari za kufa. Mshauri alibandika ukutani karatasi kubwa yenye mstari mwekundu unaoshuka tangu kona ya juu hadi chini kabisa. Akasema mstari huo ni mkulima mdogo. Akasema baada ya misimu mitatu mkulima wa jembe la mkono hatakuwepo tena, mahindi ya nje yatakuwa bei ya pumba, na shamba dogo halitakuwa na mnunuzi hata ukilitoa na nyumba juu yake. Mwenye akili atauza sasa, wakati makampuni na watu wenye matrekta bado wanatafuta ardhi, aanzishe biashara ya huduma. Mjomba aliandika yote daftarini. Mimi nilikuwa namwangalia Mshauri usoni, na nilikiona kilekile nilichokiona mezani. Alipofika mwisho wa mstari, pale chini kabisa, alitabasamu. Halikuwa tabasamu la ubaya. Lilikuwa la mtu anayemwona mama yake ananyooka mgongo.

Nimeufikiria mstari ule kwa miaka mingi, nikikoroga vyungu vya watu. Ulikuwa umehesabu nini? Ulihesabu mahindi yaliyopita kwenye mizani ya ushirika, basi. Mihogo ya mama yangu na dada zake haikuwemo. Maharage waliyouza kwa kopo stesheni ya Kimamba treni ikisimama hayakuwemo, wala miwa, wala maboga, wala debe la mbegu ambalo jirani hukupa bila kuulizwa kwa sababu mwaka jana ulimpa wewe. Vitu vyote vilivyotufanya tuwe hai havikuwemo, na sababu si kwamba Mshauri alivificha. Hakuviona kuwa ni uchumi. Kwake vilikuwa mgongo wa mama yake. Mtu akiamua toka mwanzo kipi kinastahili kuhesabiwa, mstari utashuka anakotaka ushuke, na hana haja ya kusema uongo hata neno moja.

Siku hiyo jioni, tukila makande kwa Mjomba, nilijaribu. Nilisema, "Shikamoo Mjomba, naomba niseme kitu." Akasema marahaba, sema. Nikamwambia kwamba yule baba analala kwetu, kwamba nimemsikia akiongea, kwamba hapendi kabisa jembe. Mjomba akaacha kijiko. "Nani anapenda jembe?" aliniuliza. "Wewe unalipenda? Kama unalipenda, mbona uko Mikumi unabeba sahani?" Mkewe akacheka, watoto wakacheka. Ningemwambiaje? Sikuwa na maneno ya kumweleza kwamba kutolipenda jembe ni kitu kimoja na kumtabiria kifo aliyelishika ni kitu kingine. Mjomba aliendelea kueleza, na nilitambua kuwa kilichomvuta si tamaa. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ameona ghala lake likifungwa, na mtu aliyeona jambo moja likianguka huamini haraka kwamba yote yataanguka. "Na huyu hanunui shamba," alisema mwishoni, kama mtu anayefunga kesi. "Shaweji ana lake jambo. Huyu ana nini? Hapati hata senti." Shamba la bondeni, aliongeza, lilikuwa la kuuza mapema. Ila mwenyewe bado alikuwepo.

Mwenyewe alikuwa bibi yangu. Alipoambiwa, alisema maneno machache: "Mimi nikiwa hai, hapana." Hakubishana na mstari mwekundu, hakuuona na hakutaka kuuona. Masika yalipoisha alipata homa, wakampeleka hospitali, wakamrudisha, na akafa mchana kweupe mama yangu akimlisha uji. Niliitwa kutoka Mikumi, nikafika wakati jeneza linapigiliwa misumari.

Mama Raheli alikuja baada ya maziko, watu wamekaa uani wanasubiri chakula, wanawake upande wa jiko, wanaume chini ya turubai. Alikuja amevaa kanga ya bibi, jembe la bibi begani, amejipinda vilevile, akawa analima hewa katikati ya uwanja huku akigombeza kuku wasiokuwepo. Alimtoa bibi hadi kikohozi. Tulilia tukicheka. Akamgeukia mama yangu, akamwambia sasa amepata nafasi ya kupika mboga isiyoungua maana msimamizi amelala. Akamwambia Mjomba kwamba tumbo lake limeanza kuingia chumbani kabla yake. Halafu akamwona Mshauri. Alikuwa amekuja kutoa pole, na mfuko wa sukari, mtu muungwana, amekalishwa kiti chenye mikono karibu na Mjomba. Mama Raheli alimnyang'anya kofia na mkoba kabla hajajua kinachoendelea. Akavaa kofia, akaweka mkoba kwapani, akachora kwa mpini wa jembe mstari mrefu vumbini, unaoshuka mpaka miguuni pa wafiwa. "Mwaka wa kwanza," akasema kwa sauti nyororo ya Mshauri, "mahindi yatakufa. Mwaka wa pili, maharage yatakufa. Mwaka wa tatu, ninyi mtakufa. Wa nne mimi nitakuja kula wali wa matanga." Uwanja ulivunjika kwa vicheko. Mshauri mwenyewe alicheka, akatoa leso akajifuta macho.

Ndipo Mama Raheli akavua kofia. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kawaida, ile ya kuulizia bei ya nyanya: "Baba, nisikilize. Shaweji akituambia bei inashuka, tunajua anataka kununua. Wewe hununui. Basi niambie mimi mjinga. Haya unayotutabiria, unayaogopa au unayatamani?"

Nilikuwa nimesimama karibu, na sinia la vikombe mkononi. Nilimwona Mshauri akiacha kucheka. Alimwangalia yule mama, akaangalia jembe, na mdomo wake ukafunguka. Nitakufa nikiamini kwamba angejibu. Alikuwa mtu mkweli. Angesema nayatamani, angeeleza habari ya mama yake mbele ya watu wote, na Mjomba, ambaye hakuwa mpumbavu, angesikia kwamba alichokiita hesabu kilikuwa pia kilio cha mtoto. Lakini Mjomba alikwisha ruka na noti mkononi. "Mpeni mtani haki yake," alisema akicheka, "mpeni upesi, huyu atatumaliza." Wengine wakatupa sarafu, wanawake wakapiga vigelegele, Mama Raheli akarudisha kofia na mkoba kama desturi inavyotaka, na chakula kikaletwa. Ndivyo mila yetu ilivyo. Inamruhusu mtu mmoja kusema ukweli mbele ya kila mtu, halafu inaturuhusu sisi kumlipa anyamaze. Siku nyingi nimeipenda mila hiyo. Siku ile ningeweza kuichoma moto.

Shamba liliuzwa baada ya arobaini kwa mtu wa Morogoro mjini mwenye trekta. Mama yangu alikwenda kung'oa mihogo ambayo ilikuwa bado michanga, akairundika mlangoni, na hatukuweza hata kuila yote. Mjomba alinunua mashine ya kusaga, kwa kuwa Mshauri alisema mambo ya mbele ni huduma, na kwa muda ilinguruma vizuri, mpaka vipuri vikawa taabu na wenye mahindi ya kusaga wakapungua. Kwa miaka nilitafuta ushahidi kwamba Mshauri alipewa chochote na yule mnunuzi. Niliuliza madereva, niliuliza mhudumu wa mapokezi, nilimuuliza hata Shaweji, ambaye angefurahi kunipa uchafu wa mtu. Hakuna. Hakula hata soda ya mtu. Laiti angekuwa mwizi ningepumzika, maana mwizi tungemjua, tungemfungia kufuli kama tulivyomfungia mwingine. Faida ya Shaweji ilikuwa mfukoni, nasi tulikuwa na macho ya mfukoni. Ya huyu ilikuwa moyoni, na huko hakuna aliyetazama.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mpaka leo wapo watu Kilosa wanaosema yule bwana aliona mbali. Ushirika ulikufa, wanasema, naye alisema. Mahindi yalishuka msimu uliofuata, naye alisema. Ni kweli, na yalipopanda tena msimu wa pili hakuna aliyekumbuka mstari. Jembe alilosema litakwenda makumbusho lilibaki palepale bondeni. Mnunuzi alilima kwa trekta, lakini palizi alitafuta vibarua, na mama yangu na dada zake walikwenda, wakainama katika mistari ileile waliyoipanda tangu usichana, kwa majembe yaleyale, wakisubiri kuambiwa saa ya kupumzika. Migongo haikunyooka. Ardhi tu ndiyo iliyobadilisha mwenyewe. Sijui kama Mshauri aliwahi kupita kuona, na sijui kama alichinja ng'ombe wake.

Basi nilifika kwa Mama Raheli, nyumba yake ya Kimamba nyuma ya reli, nikakuta uwanja umejaa kama alivyostahili. Binti yake Raheli alinikumbatia, akaniletea kanga ya marehemu na jembe lake bila kuambiwa, maana alijua nimekuja kufanya nini. Nikakaa kwanza nijitie nguvu kwa chai. Aliyekaa karibu yangu alikuwa Gadi, mtoto wa kiume wa marehemu, anayefanya kazi Dar, na simu yake ilikuwa inazunguka mikononi mwa wanaume. Humo kulikuwa na video ya mtaalamu mmoja, kijana mwenye tai, anaeleza kwamba kilimo kidogo kimefika mwisho, ndani ya miaka michache eka mbili tatu za urithi hazitakuwa na maana, mwenye akili auze sasa. Alikuwa na mchoro wenye mstari. Mstari huo ulikuwa wa bluu. "Si maneno yangu, shangazi," Gadi aliniambia kwa adabu. "Hizi ni takwimu. Huyu jamaa hauzi kitu wala hanunui." Raheli, ambaye ndiye anayelilima shamba la mama yake, alikuwa anamimina chai huku akiitupia jicho simu ile.

Niliinuka. Nilivaa kanga, nikashika jembe, nikatembea kama Mama Raheli, kidevu mbele, kitako nyuma, nikamkaripia mchungaji kwa mahubiri marefu, nikawauliza wafiwa kama wamenilia mimi au wanalilia pilau. Walicheka mpaka wazee wakashika mbavu, na nilimsikia mmoja akisema amerudi, kweli amerudi. Nikamnyang'anya Gadi simu. Nikachora mstari vumbini kwa mpini. Kisha nikaacha kuigiza, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, nikimtazama yeye peke yake: "Gadi, mwanangu. Huyu wa kwenye simu, na wewe unayemsambaza. Haya mnayotutabiria, mnayaogopa au mnayatamani?"

Kicheko kiliruka kutoka turubai hadi jikoni. Wanawake walipiga vigelegele. Gadi naye alicheka, kijana mzuri, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti akaniwekea begani. "Mpeni bibi mtani haki yake," alisema, "atatumaliza." Raheli peke yake hakucheka. Alisimama na birika mkononi akimwangalia kaka yake. Niliiacha noti ianguke chini, nikashikilia simu na jembe, nikabaki pale katikati ya uwanja nikisubiri jibu, nao wakadhani bado nataka zaidi, wakazidi kunitupia sarafu.